Tangi limejaa, koki haitoi maji: jinsi ya kufukuza hewa kwenye mabomba ya nyumbani

Maji yamerudi baada ya mgao, tangi la juu limejaa hadi shingoni, lakini koki ya jikoni inakoroma, inatema matone machache, kisha kimya. Bafuni hata kukoroma hakuna. Wengi hapo humpigia fundi, na fundi wa haraka hushauri inunuliwe pampu ya kuongeza presha. Mara nyingi pampu hiyo haihitajiki. Kilichoziba bomba ni hewa, au kama mafundi wanavyosema, bomba lina eya, na hewa hiyo hutolewa kwa mpira wa maji na robo saa ya kazi. Kuizuia isirudi ndiyo kazi kubwa zaidi, kwa kuwa inategemea bomba lilivyolazwa tangu siku ya kwanza.

Katika nchi za barafu bomba huziba kwa baridi: maji yanaganda, yanatanuka kwa takriban asilimia 9 na bomba linapasuka. Kwenye nyanda za juu kusini, Makete na uwanda wa Kitulo, watu wanaijua sakitu ya Juni na Julai. Dar es Salaam hatuna shida hiyo. Shida yetu ni mabomba yanayokauka na kujaa tena kila mara. Mto Ruvu, unaolisha jiji maji, ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, mgao unaingia, matangi yanakauka, na kila tangi linapokauka hewa inaingia kwenye mabomba ya nyumba nzima.

Kwa nini hewa kidogo inashinda tangi zima

Tangi lililo kwenye mnara halina nguvu nyingi kama linavyoonekana. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban ba 1 ya presha. Ukiwa na mnara wa mita 3 na koki iliyo mita 1 kutoka sakafuni, tofauti ya kimo ni mita 2 na ushee, ukiongeza maji yaliyomo tangini. Hiyo ni kama robo ya ba. Shawa iliyo mita 2 juu hupata zaidi kidogo tu ya nusu ya hapo, ndiyo maana shawa hufa mwanzo na koki ya uani hufa mwisho.

Sasa angalia njia ya bomba. Linatoka tangini, linashuka ukutani, linapita chini ya sakafu, linapanda juu ya mlango, linashuka tena, linapanda juu ya dirisha la jikoni. Kila linapopanda na kushuka limetengeneza kilima. Bomba likikauka na kujazwa tena, maji hupita juu ya kilima, hutiririka chini upande wa pili na kutulia bondeni, huku hewa ikibaki imefungiwa kwenye mteremko. Hewa haina uzito wa kusukuma, kwa hiyo kimo cha mteremko huo uliojaa hewa kinapotea kabisa kwenye hesabu yako. Vilima vinne, kila kimoja kikishika hewa ya sentimita 60, vinakula mita 2.4. Tangi lenye tofauti ya mita 2.5 linabakiwa na sentimita 10, na sentimita 10 hutoa matone tu. Kosa si la fundi mmoja wala kilima kimoja. Hasara hizi hujumlishwa, na ndiyo sababu nyumba iliyokuwa sawa miaka mitatu inaanza kusumbua baada ya kuongezwa choo cha nje kwa bomba lililopitishwa juu ya mlango.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Bomba lililolazwa chini ya bati au juu ya zege tupu hupata jua la saa sita, maji yaliyosimama ndani yanapata joto, na hewa iliyoyeyuka inatoka kama vipovu na kukusanyika kwenye kilele cha kilima. Ukiona koki inakoroma kila siku alasiri ilhali tangi halijawahi kukauka, tazama kwanza sehemu ya bomba inayopigwa na jua.

Hakikisha ni hewa kweli

Kabla ya kufungua chochote, panda uone maji tangini kwa macho. Kugonga tangi kwa kiganja hudanganya. Kisha fungua koki ya chini kuliko zote kati ya zinazolishwa na tangi, kwa kawaida ya uani au ya chooni, uiangalie kwa dakika tano.

Ikikoroma, ikitema, ikikata na kurudi, hiyo ni hewa. Ikitoa uzi mwembamba usiobadilika wala kukoroma, hiyo ni taka au kutu, na kufukuza hewa hakutasaidia. Ikianza kwa nguvu halafu ikafifia polepole, tangi linakosa pumzi. Hapa jijini watu hufunga mfuniko kwa nailoni na mpira wa baiskeli kuzuia mbu wa dengi, jambo zuri, ila nailoni isiyopitisha hewa huzuia maji yasitoke sawasawa. Legeza mfuniko: nguvu ikirudi papo hapo, umepata jibu. Badilisha nailoni kwa wavu wa chandarua uliofungwa vizuri.

Ikiwa ni koki moja tu inayosumbua na nyingine zote ziko sawa, fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake. Maji yanaporudi baada ya mgao huja na mchanga na vipande vya kutu, na kichujio hicho ndicho hukamata vyote. Kiloweke kwenye siki usiku mmoja kama kina ukoko mweupe, hasa kama unatumia kisima cha maji ya chumvi.

Nyumba nzima ikiwa kavu, shuku valvu ya kutokea tangini. Geti valvu za bei rahisi zina ugonjwa wake: mkono unazunguka vizuri juu, lakini bamba la ndani limekatika na kudondoka, limeziba njia. Hewa inalaumiwa bure.

Kuitoa hewa

Anza na njia isiyogharimu kitu. Zima hita ya maji na shawa ya umeme kwenye swichi zake za ukutani. Funga koki zote, fungua ile ya chini kuliko zote peke yake, iache dakika kumi. Ikianza kutoa maji mfululizo, fungua inayofuata kwa kimo, na kuendelea hadi shawa. Usifungue zote kwa pamoja: presha ndogo uliyonayo itagawanyika na hakuna kilima kitakachosukumwa.

Ikishindikana, hewa isukumwe kutoka chini kwenda juu, irudi tangini ilikotokea. Kama maji yako ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yana nguvu ya kupanda yenyewe hadi tangi la juu, basi nguvu hiyo inatosha kabisa kwa kazi hii. Unahitaji mpira wa maji wa nusu inchi unaofika kutoka koki ya uani iliyounganishwa moja kwa moja na mita hadi koki iliyoziba, klipu mbili za kubana mpira, bisibisi, na mtu mmoja juu ya ngazi.

Tangi lisiwe limejaa hadi mdomoni. Acha nafasi ya sentimita 15 au zaidi, la sivyo maji yatamwagikia ukutani. Valvu ya kutokea tangini iwe wazi. Koki nyingine zote za ndani zifungwe. Toa kichujio cha mdomoni kwenye koki iliyoziba. Unganisha mpira kwenye koki ya uani kwanza, fungua maji hadi mpira wote ujae na kutoa maji upande wa pili, kisha funga. Usipofanya hivyo utaingiza hewa ya mpira mzima juu ya ile unayoifukuza. Vesha upande wa pili kwenye koki iliyoziba, kaza klipu, fungua koki hiyo kikamilifu, halafu fungua ya uani polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Aliye juu atasikia tangi likibubujika. Endelea hadi mabubujiko yakome na maji yaingie tangini bila kukatika, kisha ongeza nusu dakika. Funga koki ya uani, funga ya ndani, vua mpira mara moja. Anza na koki iliyo mbali zaidi na tangi, kwa sababu njia yake ndiyo yenye vilima vingi, kisha jaribu nyingine kabla ya kuhamisha mpira. Mara nyingi moja au mbili zinatosha.

Kama hakuna mabubujiko na hakuna maji yanayofika juu, acha. Kuna kitu kimefunga njia: valvu, au kifaa cha kuzuia maji yasirudi nyuma, ambacho mafundi hukiita nonritani. Nyumba zenye pampu ya presha huwa nacho mara nyingi, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kukataa maji unayosukuma. Kiko karibu na pampu na kina mshale pembeni.

Hilo la kuvua mpira mara moja si urembo. Presha ya mtaani ikishuka mpira ukiwa bado umeunganishwa, maji ya tangi lako yatatelemka na kuingia kwenye bomba la mtaa, pamoja na chochote kilichokuwa ndani ya mpira uliolala uani. Majirani ndio watakaoyanywa. Kwa sababu hiyo hiyo, usisukume hewa kwa maji ya kisima huku valvu ya DAWASA ikiwa wazi mahali popote kwenye mfumo.

Penye tangi la chini na pampu, tumia bomba la pampu badala ya koki ya uani, lakini fungua kwa uangalifu zaidi. Pampu ndogo ya nusu hospawa inaweza kusukuma maji mita 30 au zaidi kwenda juu, yaani ba 3 hivi, na viungo vya zamani vilivyozoea robo ya ba vinaweza kufunguka. Washa, hesabu hadi kumi, zima, sikiliza, rudia.

Na siku ambayo hakuna umeme wala maji ya mtaa? Walio kwenye miinuko, Kimara, Goba, Mbezi ya juu, wana bahati hapa. Jaza mpira wa maji hadi pomoni, ziba upande mmoja kwa kidole, unganisha upande mwingine kwenye koki iliyoziba, kisha peleka ncha uliyoziba chini ya mteremko wa kiwanja na uiachie. Ncha ikiwa mita 2 chini ya koki, umeongeza mita 2 za nguvu ya kuvuta, karibu mara mbili ya ulichokuwa nacho. Koki na viungo vya mpira lazima vibane sawasawa, la sivyo utavuta hewa ya nje.

Maji ya moto

Upande wa moto huziba mara nyingi kuliko wa baridi, kwa kuwa bomba lake hupanda hadi hita na kushuka tena. Kwenye koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi kuna njia fupi: hita ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa koki kwa kitambaa kilicholowa na kiganja, fungua baridi kikamilifu, kisha fungua moto. Maji ya baridi yatarudi nyuma kupitia njia ya moto na kusukuma hewa. Hii inafanya kazi pale tu ambapo baridi ina presha kubwa kuliko moto, mfano baridi inatoka mtaani na moto unatoka tangini. Zote zikitoka tangi moja utakuwa unapoteza muda.

Usiwashe hita hadi koki ya moto itoe maji bila kukatika. Hita isiyo na maji huunguza koili yake kwa muda mfupi sana, na hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika shughuli hii.

Pampu iliyokula hewa

Pampu inayonguruma bila kupandisha maji imepoteza maji yake ya kuanzia. Izime. Fungua kizibo kilicho juu ya kichwa chake, mimina maji safi polepole hadi vipovu viishe. Lita 1 hadi 3 kwa kawaida zinatosha, zaidi kama bomba la kuvutia ni refu. Funga kizibo kwa tepu nyeupe, fungua koki ya upande wa kutokea, washa. Dakika ikipita bila maji, zima. Sili ya ndani hupozwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu inaungua na pampu inaanza kuvuja shingoni.

Kama maji unayomimina yanazama tu wala hayajai, valvu ya chini ya bomba la kuvutia imekwama wazi kwa mchanga. Itoe uioshe. Kama linajaa lakini baada ya siku mbili hewa imerudi, kuna kiungo kinachovuta hewa upande wa kuvutia. Kiungo hicho hakitadondosha tone pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kinanyonya. Kipake povu la sabuni nene pampu ikiwa inavuta, utaona povu likiingia ndani. Na kumbuka kwamba pampu ya juu ya ardhi haivuti maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na hospawa ngapi. Kisima kikishuka chini ya hapo, nunua ya kuzamisha.

Kuizuia isirudi

Tabia moja inaondoa nusu ya matatizo haya: usiruhusu bomba likauke. Wakati wa mgao, maji yakibaki sentimita 10 juu ya tundu la kutokea, funga valvu ya tangi na uanze kuchota kwa ndoo kupitia juu. Mabomba yatabaki yamejaa, na tangi likijazwa tena unafungua valvu na maji yanatoka hapo hapo. Weka alama ya rangi nje ya tangi kwenye kimo hicho. Ukiletewa maji na boza, funga valvu wakati wa kujaza, subiri nusu saa matope yatulie, ndipo ufungue.

Maji ya mtaa yanaporudi, usiyaruhusu kuingia tangini moja kwa moja. Yapitishe kwanza kwenye koki ya uani, valvu ikiwa wazi kidogo tu, hadi yaache kutema na rangi ya kahawia iishe. Kuifungua kidogo kuna faida ya pili: hewa inayokuja kwa kasi huzungusha mita zenye panga la ndani kama maji yanavyozizungusha.

Kwa nyumba inayojengwa au inayorekebishwa, haya ndiyo ya kumdai fundi.

Bomba kutoka tangini liwe la inchi moja hadi tawi la kwanza, kisha robo tatu, na nusu inchi iishie kwenye mita mbili za mwisho za kila koki. Bomba la PPR, yaani la plastiki ya kuunganishwa kwa kuchomwa, la milimita 20 linalouzwa kama nusu inchi, lile nene lenye alama ya PN20, lina tundu la milimita 13 tu. La 25 lina 16.6 na la 32 lina 21. Kwenye mfumo wa tangi, tofauti hizo ni kubwa kuliko zinavyosikika.

Mteremko uwe wa upande mmoja, angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda katikati. Kama lazima bomba lipite juu ya mlango, fundi atie tii, kiungo cha njia tatu, kwenye kilele na kupandisha bomba la pumzi la nusu inchi hadi sentimita 30 juu ya tundu la kumwagia la tangi, likunjwe kutazama chini na kufungwa wavu. Bomba lingine kama hilo liwekwe mara tu baada ya valvu ya tangi. Kuna valvu ndogo za shaba zinazotoa hewa zenyewe, ila nyingi hazifungi vizuri kwenye presha ya robo ya ba na huishia kudondosha maji ukutani. Bomba la pumzi ni rahisi zaidi na halina cha kuharibika.

Viungo vya PPR navyo huleta shida isiyoonekana. Kwenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi, bomba la milimita 20 huchomwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Fundi anayechoma huku anaongea na simu hupitisha muda, plastiki inayeyuka na kuingia ndani kama pete, na tundu la milimita 13 linabaki na 8. Mwombe akate kiungo kimoja cha majaribio katikati uone ndani kabla hajaanza kazi.

Valvu ziwe za tufe la ndani na mkono wa kugeuza robo duara, zenye tundu kamili. Bomba lililo nje lizikwe sentimita 30 au lipakwe rangi nyeupe, kwa ajili ya joto na kwa sababu jua huifanya plastiki iwe ngumu na kupasuka. Bomba la zamani la chuma lenye kutu ndani halitibiki kwa kugongwa nyundo. Kutu inabanduka na kwenda kuziba koki inayofuata. Libadilishwe.

Kabla ya kumalizia malipo, fanya jaribio hili fundi akiwepo. Funga valvu ya tangi, fungua koki zote hadi mabomba yakauke kabisa, zifunge, kisha fungua valvu ya tangi lililojaa nusu. Fungua koki moja moja kuanzia ya chini. Kila koki, pamoja na shawa, inapaswa kutoa maji yasiyokatika ndani ya dakika tatu bila mpira wala pampu. Isiyotoa ina kilima mahali fulani kwenye njia yake, na ni nafuu fundi akitafute kabla ukuta haujapigwa plasta.